Zafarani Binti Mauwa

Jua linazama, Bi Mwanakombo akatoka kwake Boko kwenda kwa Anselmo, mtunza madaftari ya misheni ya zamani. Mjukuu wake Munira alikuwa siku ya tisa kitandani. Zahanati tatu, hizi za watu binafsi zilizochipuka mwaka ule wa tisini na mbili, zilimchoma sindano mpaka pa kuchoma pakaisha.

Mganga Fakihi alisema bibi mkuu wa ukoo, yule aliyekombolewa utumwani, amechoka kusahauliwa. Atajwe kabla ya isha, kwa jina lake na la mama yake. La sivyo, anaondoka na mtoto. Na ukoo mzima ulikumbuka jina moja tu: Zafarani.

Anselmo akafunua daftari la watumwa waliokombolewa. Likanuka mkojo wa panya.

"Wapo wawili, bibi. Huyu alizaa mtoto mmoja, ila mama yake mwenyewe hajulikani. Huyu mwingine ni binti Mauwa, ila hakuzaa. Wa kwenu si yule wa kwanza?"

"Nikamwite nani binti nani? Maiti haitiki nusu jina."

"Nipe wiki nitafute…"

"Munira hana wiki! Na huyo padri aliyeandika hakuzaa, alikuwa mkunga?"

Akaondoka na binti Mauwa.

Nyumbani, Fakihi akatia ubani chetezoni. Munira alikuwa anavuta pumzi moja moja.

"Zafarani binti Mauwa!" Bi Mwanakombo akaita. "Mjukuu wako huyu. Njoo umtazame."

Moto wa koroboi ukalala upande. Dirisha limefungwa.

Kisha harufu… si ubani. Tope bichi, na nywele zilizoungua.

Munira akaketi.

"Nani wewe?" Fakihi akanong'ona.

"Si mmeniita?" Sauti ya mtu mzima, kavu. "Miaka yote hiyo, hakuna aliyeniita."

"Chakula chako tutakupa, bibi. Mwache mtoto."

"Mie sikuzaa. Leo mmenipa mjukuu. Nimwache nimwendee nani?"

Fakihi akaokota chetezo na moto wake. Bi Mwanakombo akamng'ang'ania kanzu.

"Ulisema akitajwa anamwacha mtoto!"

"Nilisema wa kwenu, Bi Mwanakombo. Huyu mmemleta kutoka wapi?"

Akatoka na kiatu kimoja.

Homa ilikwisha. Munira akanywa uji bakuli mbili. Majirani wakapiga vigelegele, wakaenda zao. Ndipo mtoto wa miaka minane akakalia kiti cha bibi yake, akamtazama.

Akangoja.

Magoti ya Bi Mwanakombo yakaanza kukunjika yenyewe.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Munira.