Dirisha la Magharibi

Haya yalimpata rafiki yangu Seonag, kule kisiwani Uist, Uskoti.

Baba yake, mzee Ruairidh, alikuwa hajiwezi kitandani tangu mavuno. Alasiri moja ya majira ya baridi, giza likiingia mapema kama kawaida yake, Seonag alichukua kikapu aende uani kuleta mboji kavu, ule udongo wa kinamasi wanaouchoma kama kuni.

"Mwanangu, funga kwanza dirisha la magharibi," baba alisema. "Wale watu wema wanapita."

"Wema gani, baba, wanaobeba roho za wagonjwa angani? Si useme tu Sluagh, jeshi la wafu!"

"Wee! Usiwataje! Funga."

"Nikirudi, baba. Moto unazimika."

Alikuwa ameinama kwenye rundo la mboji aliposikia mvumo kutoka magharibi, kama wa kundi kubwa la ndege. Akatazama juu, asione hata unyoya. Mvumo ukapita juu ya paa, na ndani yake akasikia: "Seonag! Nishike, mwanangu!"

Akatupa kikapu, akakimbilia ndani. Baba alikuwa palepale kitandani, macho wazi. Seonag akalifunga dirisha kwa kishindo, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Nimekushika, baba! Nimekushika!"

"Nishike!" ikalia sauti juu ya paa.

Seonag akamwekea baba kiganja kinywani. Midomo ilikuwa imefumbwa, pumzi yenye joto ikimtoka puani taratibu. Na huko nje sauti ya baba ikazidi kumwita, ikielekea baharini.