Karatasi ya Kiangazi Kimoja

Gati alikuwa akipepeta ulezi, mwanawe Kisyeri mgongoni, wageni wawili walipoingia nyumbani kwao Itiryo. Siku hizo kila kilima kilikuwa na watafuta dhahabu. Mgeni mmoja alitoa karatasi na wino wa kutia dole.

"Tunachimba shambani mwenu kiangazi kimoja tu," alimwambia Mniko, mume wa Gati. "Weka dole gumba hapa."

Mniko alinyoosha mkono. Kwao kuazimana shamba ni jambo la kawaida. Jirani hulima msimu mmoja, huvuna, hurudisha. Neno la mtu linatosha.

"Baba Kisyeri, ngoja," Gati alisema. "Imeandikwa nini?"

"Wewe nawe! Darasa la jioni miezi mitatu tu, tayari umekuwa hakimu?"

"Shamba ni hilo hilo moja. Likienda, tutalima kichwani kwako?"

Mgeni alicheka. Mniko naye akacheka, akarudisha mkono. "Tuachieni karatasi," akasema. "Njooni kesho."

Gati aliipeleka kwa mwalimu Honoratha, aliyekuwa akiwafundisha watu wazima kusoma. Mwalimu aliisoma mara mbili, akafungua kamusi.

"Kiingereza hiki kimezeeka kuliko babu yangu," alisema. "Wanasheria wanakipenda. Ona, 'heirs and assigns': warithi wa huyo mgeni na yeyote atakayemwachia shamba. 'In perpetuity': daima."

"Daima? Si kiangazi?"

"Kiangazi hakimo kabisa, mdogo wangu. Hapa mnatoa shamba moja kwa moja."

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

"Hamjatia dole, hamjapoteza kitu. Usione aibu kuuliza neno. Hata mimi nimeuliza kamusi. Daini karatasi ya Kiswahili. Isomwe ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji na majirani. Nanyi mbaki na nakala."

Kesho yake, walipodaiwa karatasi ya Kiswahili, wageni walikunja nyuso, lakini dhahabu waliitaka. Baada ya wiki walileta karatasi ya Kiswahili. Pale ofisini Gati aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari: kiangazi kimoja, mashimo yatafukiwa, shamba litarudi kwa Mniko na Gati.

"Hebu rudia hapo mwisho," Mniko alisema.

Akarudia. Mniko alishusha pumzi ndefu, akatia dole. Mtendaji alimsogezea Gati wino. Gati alitikisa kichwa, akaomba kalamu, akaandika jina lake.