Mabegi Kumi na Manne ya Kwenda Lima

Gari la mizigo lilikuwa limeshaondoka.

Leokadia aliliona likiingia barabara kuu ya 270, Ford nyeupe, mkia umelala chini kwa uzito. Saa yake ilisema saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Ratiba aliyoipiga chapa yeye mwenyewe ilisema saa nne kamili.

Dakika ishirini kabla ya wakati. Katika kazi yake dakika ishirini hazipotei. Huibwa.

Hakuingia hata kwenye uwanja wa kanisa pale Gaithersburg, ambako watoto na wazazi walikuwa bado wanapigana picha. Aligeuza Volvo yake katikati ya barabara, akapigiwa honi na matusi, akalifuata gari jeupe.

Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na kidude mfano wa peja ya Motorola. Haikuwa peja. Kitaa chekundu kiliwaka na kuzima kila baada ya sekunde mbili, na chini yake tarakimu zilisomeka mita mia nne.

Begi namba tisa lilikuwa mbele yake.

Kwa miezi minne Leokadia alikuwa "mama mlezi wa safari". Kila Jumamosi alikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Rockville, anakusanya fomu za ruhusa ya wazazi, vyeti vya sindano ya homa ya manjano na vidonge vya kuzuia kuumwa kichwa milimani. Alikuwa ameuza sambusa mpaka nguo zikanuka mafuta. Watoto kumi na wanne wa Kitanzania na Kikenya, wote wanafunzi wa sekondari, walikuwa wanakwenda milima ya Andes kwa wiki tatu. Wangejenga darasa katika kijiji kimoja juu ya Cusco, wangelala kwa wafumaji wa blanketi, wangekula wanachokula wenyeji na kujifunza salamu zao. Mwalimu Lusekelo, aliyejua Kihispania, ndiye angewaongoza pamoja naye.

Safari ilikuwa ya kweli. Kijiji kilikuwa cha kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulivaa suti ya kijivu na kuitwa Mzee Dunstan.

Ndiye aliyebuni safari. Mzee wa kanisa, sauti ya asali, mtu wa kusuluhisha ndoa za watu. Alikuwa amenunua madaftari makubwa thelathini, yale ya jalada gumu, zawadi kwa shule ya kijiji. Kurasa za kila daftari zilikuwa zimegandishwa kwa gundi na kuchimbwa kwa wembe, na ndani ya kila shimo zilikaa pasipoti nne za Tanzania. Tupu. Hazina jina wala picha. Mia moja na ishirini kwa jumla, zilizoibwa mwezi wa Februari 1999, njiani kati ya mchapaji na Dar es Salaam. Lima kulikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na wateja wake, wauza unga waliotaka kusafiri kwa jina la nchi isiyo na adui.

Nani atampekua mtoto anayewapelekea maskini madaftari?

Jana jioni, mizigo ilipopangwa ukumbini, Mzee Dunstan aliweka kiganja juu ya begi namba tisa akaiombea safari. Watoto wakaitikia amina. Leokadia naye akaitikia.

Watu walipotoka kunywa chai, alipachika kinasa njia, cha kumwonyesha lilipo, ndani ya bitana ya begi lile. Alfajiri akaenda Manassas, kwenye bohari moja, akachukua begi jingine la bluu, namba tisa vilevile, lenye madaftari thelathini safi. Lilikuwa kwenye buti ya Volvo. Angebadilisha mabegi kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, kimyakimya, na watoto wangekwenda zao.

Simu ya StarTAC ikalia. Dar es Salaam. Laurean, mkuu wake katika idara ya usalama.

"Hali ya hewa?"

"Jua kali, Mzee."

"Usibadilishe begi. Mbuzi wapande mlima."

"Rudia, Mzee."

"Umesikia. Mbuzi wapande mlima. Polisi wa Lima wamejulishwa, watalikamata begi pale pale uwanjani. Mnunuzi akishtuka tutamwona. Tunamtaka yeye."

"Begi namba tisa lina kibandiko cha jina la mtoto. Anaitwa Queen. Ana miaka kumi na sita."

"Atahojiwa. Ubalozi utashughulika."

"Hatuna ubalozi Lima, Mzee."

Feni ilisikika ikizunguka kule, maili elfu nane mbali.

"Leokadia. Hiyo ni amri."

"Nimesikia."

"Kusikia si kutii."

"Najua tofauti yake, Mzee. Shikamoo."

Akaifunga simu kwa kishindo mpaka kifuniko kikalia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amekaa chini ya feni anakunywa chai, anamuuza mtoto wa mwenzie kwa maneno matatu ya mafumbo!

Akakanyaga mafuta.

Ford nyeupe ilivuka daraja la Potomac, ikaingia Virginia. Ilipofika Tysons haikwenda moja kwa moja. Ikachepuka. Leokadia akakata njia mbili za magari, lori likampita ubavuni likinguruma. Mita hamsini. Mita thelathini. Gari likaingia kituo cha mafuta, likazunguka nyuma ya pale wanapooshea magari.

Alisimamisha Volvo, akatembea.

Dereva alikuwa Festus, kijana wa mkono wa Mzee Dunstan, mabega mapana, kazi yake kubeba na kunyamaza. Alikuwa amefungua milango ya nyuma na begi namba tisa liko wazi mbele yake. Dunstan alikuwa amemtuma ahesabu madaftari kabla ya uwanja. Kwa hiyo alitoka mapema.

Lakini Festus hakuwa anahesabu. Alikuwa amesimama kaduwaa.

Ndani ya begi mlikuwa na pakiti sita za sembe. Blanketi la maua. Chupa ya pilipili. Na mfuko mkubwa wa dagaa.

Daftari hata moja hakuna.

Changarawe ikalia chini ya kiatu cha Leokadia. Festus akageuka, na Glock ilikuwa mkononi.

"Madaftari yako wapi, wewe mama?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

"Usinichezee! Alfajiri umekwenda Manassas. Tumekuona!"

"Basi kama mmeniona, mmeniona nikibeba dagaa?"

Festus aliangalia dagaa. Nusu sekunde tu. Ilitosha.

Leokadia aliupiga teke mlango wa gari ukambana Festus kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Festus akapiga yowe, akarusha ngumi ya kushoto, ikampata Leokadia begani ikamzungusha. Aliporudi kutoka mzunguko ule alirudi na kiwiko. Taya. Kisha goti. Festus akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

"Mtoto wa watu," Leokadia alimwambia, akihema. "Ulikuwa unampeleka mtoto wa watu jela."

"Mimi dereva tu, dada."

"Kila shetani ana dereva wake."

Alimfunga pingu kwenye usukani wa Volvo, akateremsha vioo asife kwa joto, akatia funguo mfukoni. Glock aliitupa kwenye pipa la mafuta machafu. Akahamishia begi safi kwenye gari jeupe, akaendesha mwenyewe kwenda Dulles.

Njiani alifikiri. Festus hakuchukua. Yeye hakuchukua. Dunstan hawezi kujiibia. Mwizi gani anaiba pasipoti mia na ishirini, halafu anaweka dagaa pahali pake?

Hakuna mwizi wa namna hiyo.

Ila mama wa namna hiyo yupo.

Walikuwa wameshafika uwanjani, wazazi na watoto, wamejaa mbele ya dirisha la kukabidhi mizigo. Katikati yao alisimama Mama Jepkosgei, Mkenya mnene wa furaha, anayeuguza wazee huko Gaithersburg, amekumbatia kwapani mizani ya bafuni. Mizani ile ilijulikana Maryland nzima. Hapakuwa na mtu aliyekwenda nyumbani bila mabegi yake kupanda juu yake.

Mzee Dunstan alikuwa na faili la pasipoti za watoto wote mkononi. Aliona Leokadia anashuka kutoka gari la Festus, akakunja uso. Kisha mabegi yakashushwa, akaona begi namba tisa, zipu haijafungwa vizuri, mkia wa dagaa unachungulia.

"Nani," alisema, "nani kagusa begi namba tisa?"

Asali ilikuwa imekwisha kwenye ile sauti.

"Si ni mimi, Mzee," alisema Mama Jepkosgei. "Leo asubuhi nimepima, hiyo bag iko ratili themanini na tatu. Mwisho ni sabini! Wangetucharge. Nikagawanya. Hao wengine kila mtoto madaftari mawili, wanne wakachukua matatu. Halafu nikaona bag imebaki na nafasi, nikamwekea Queen chakula. Huko milimani watampa viazi siku zote, atakonda."

"Mama, I told you, I like potatoes," Queen alisema kwa aibu.

"Nyamaza wewe."

"Mwanamke mpumbavu!" Mzee Dunstan alipiga kelele. "Nani alikutuma? Nani? Yarudishe! Yote! Sasa hivi!"

Watu wakaganda. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwenye msiba.

Mama Jepkosgei aliweka mizani chini polepole.

"Ati mpumbavu? Mimi? Mzee, nimepima mizigo ya hawa watu wote na hakuna siku nimetukanwa. Unanitusi juu ya madaftari? Hayo madaftari yako na nini?"

"Ndilo swali," alisema Leokadia.

Alifungua begi lililokuwa karibu, akatoa daftari, akachana nailoni. Kisu kidogo cha Victorinox kikapita kwenye gundi. Akaliinua wazi mbele ya macho yao.

"Pasipoti nne, za wizi. Kwenye kila daftari. Polisi wa Lima wanasubiri saa hii. Angeingia nazo mtoto wako, Mama. Na wako, Baba. Na wako. Huyu aliyewaombea jana ndiye aliyezifunga."

Akina mama walipiga magoti, wote kwa pamoja, kwenye sakafu ile inayong'aa ya Dulles. Zipu kumi na nne zikalia. Walichambua mabegi kama wanaochambua mchele, midomo imebana, na madaftari yakaruka kutoka mkono hadi mkono. Moja. Tano. Kumi na nane. Mwalimu Lusekelo alikuwa anahesabu kwa sauti, na sauti inamkatika.

Thelathini.

Mzee Dunstan hakuwepo.

Leokadia alimwona anaelekea kwenye teksi, mwendo wa haraka usio wa kukimbia, na faili bado liko kwapani. Pasipoti za watoto. Bila hizo hakuna anayesafiri.

Alimfikia mlangoni.

"Nipe faili, Mzee."

"Wewe binti wa ofisi gani?" Alitabasamu, meno makavu. "Tuzungumze. Watoto hawa wangefanywa nini? Wangeulizwa maswali mawili, wangerudishwa. Mbona unakasirika hivi? Ni karatasi tu."

"Watoto walisema amina."

"Nini?"

"Uliomba, nao walisema amina."

Kalamu ya Parker ilitoka mfukoni mwa Leokadia. Haikuwa na wino tangu iundwe. Sindano yake ya dawa ya usingizi ilipita kitambaa cha suti ya kijivu, ikazama pajani. Mzee Dunstan aliegemea mlango, akaanza kuteleza chini. Leokadia akamkalisha juu ya toroli ya mizigo, kwa heshima, akachukua faili.

Askari wa uwanja akaja mbio.

Mama Jepkosgei alifika kabla yake, akamshika mzee mkono, akasikiliza mapigo. Alimwangalia Leokadia. Akaangalia kalamu. Kisha akamwambia askari kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye ni mhudumu wa wagonjwa, kwamba mzee ana presha, kwamba anahitaji kulala tu.

"Angekuwa mgonjwa wangu," alimwambia Leokadia kwa Kiswahili, akitabasamu kwa askari, "ningemkosesha uji mwezi mzima."

Madaftari safi yaligawanywa kwenye mabegi kumi na manne. Machafu yakaingia begi la bluu la Manassas. Mizani ikafanya kazi yake tena. Ratili sabini, hakuna lililozidi.

Queen alisimama kwenye mstari wa ukaguzi, akageuka.

"Auntie, you're not coming?"

"Nina kazi, mwanangu. Sikiliza mwalimu. Kunywa maji mengi kule juu."

Simu ililia. Leokadia aliipokea akiwa anatembea.

"Watoto wameondoka," alisema kabla hajaulizwa. "Mzigo ninao mimi. Mnunuzi mtafute mwenyewe, Mzee, na ukitaka chambo tumia wajukuu zako."

Alitoa betri kwenye simu, akatia vyote mfukoni, akavaa miwani ya jua, akatoka nje na begi begani. Hakutazama nyuma.

Watoto walirudi wote baada ya wiki tatu. Darasa lilijengwa, kuta tatu, wa nne walimalizia wanakijiji. Queen aliumwa kichwa siku mbili. Baadaye alisomea uhandisi wa maji.

Mzee Dunstan alikamatwa, akarudishwa Tanzania, akahukumiwa miaka sita, akatumikia minne. Festus alikaa ndani ya Volvo saa tano, akaeleza kila alichojua, akarudishwa kwao. Anauza vipuri vya magari Mbeya.

Mwalimu Lusekelo alipanga safari nyingine mbili kama ile. Mama Jepkosgei alipasua mizani mwaka uliofuata kwa begi la mtu aliyekuwa anahamia Nairobi, akanunua nyingine.

Mnunuzi wa Lima hajajulikana mpaka leo.

Leokadia aliondolewa kazini kwa kukaidi amri. Hakupewa barua ya shukrani wala ya karipio.

Laurean alipandishwa cheo.