Machujio Kabla ya Jumatatu

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mwaka wa 1996. Chumba cha nyuma cha bucha, mtaa wa Mbotela, Nairobi.

"Kesho sheria mpya ya kanjo, hao askari wa jiji, inaanza," Okumu, mkubwa wao, alisema. "Ukiuza chuma chakavu, kitambulisho chako kinaandikwa kwa daftari. Leo ndiyo mwisho wetu."

Alichovya kidole kwenye damu ya ng'ombe, akachora mezani: kanisa, ukuta, magari kumi na moja ya wageni wa harambee. Magari mapya ya ng'ambo, yenye yale machujio ya moshi kwenye egzosti. Ndani ya chujio mna madini ya bei ghali. Watu walikuwa wanayagombania kama nyama ya Krismasi.

"Mulama wa kununua chuma anafunga yadi saa sita," Amolo, dereva, alikumbusha.

"Nimemwapia Nerima hii ni ya mwisho," Wafula alisema.

"Hata mwezi jana ulimwapia mkeo hivyo hivyo, buda."

Wafula ndiye fundi. Angeng'oa chujio kabla kwaya haijamaliza ubeti mmoja. Wenye wivu walisema mbili. Alikuwa amevaa koti la Jumapili asishukiwe. Mfukoni, kitambulisho. Eastlands hakuna aliyetoka nyumbani bila hicho, hata akienda kuiba. Msako wa polisi ulikuwa kila kona.

Saa nne na nusu. Uwanja wa kanisa. Ngoma zililia.

"Nishikie koti, lisishike grisi."

Okumu akalishika. Wafula akajitosa chini ya gari la kwanza. Msumeno. Chuma moto kikambabua kiganja. Akang'ata kola ya shati. Moja. Tatu. Nane. La tisa likagoma.

"Wachana nayo!" Amolo alinong'ona. "Wanafunga maombi!"

Saa tano na dakika hamsini. Yadi, Industrial Area. Mulama alisimama langoni, daftari jipya kwapani.

"Sheria ni kesho!" Okumu alifoka.

"Kanjo wanakagua kesho. Mzigo wa leo watauona. Lete kitambulisho, kinabaki hapa hadi wakague. Ama rudi nao."

Wafula alikuwa bombani, akisugua grisi. Kelele za langoni zikakatika ghafla. Okumu aliingiza mkono kwenye koti la Wafula, alilokuwa bado amelishika. Amolo aliona. Akageuza uso.

"Imekuwaje?" Wafula aliuliza.

"Nimemtuliza. Vaa koti, uende kwa mkeo."

Saa sita na robo. Jogoo Road. Wafula alikuwa kwa miguu polisi walipomsimamisha.

"Wewe! Kitambulisho!"

Wafula akatabasamu. Kwa hilo hakuwahi kukamatwa. Mkono ukaingia mfukoni. Leso. Mfuko wa pili. Kitabu cha nyimbo. Pikapu yao ikapita, Amolo akikodolea barabara macho.

"Kiko wapi?"

Okumu na koti. Mulama na daftari. Yale makelele yaliyokatika. Akataka kutukana, akakosa tusi la kutosha.

"Nimekisahau nyumbani, afande."

"Basi leo utalala kwetu. Kesho watakuletea."

Kesho. Wafula alijua watakaokileta: kanjo, pamoja na daftari lenye jina lake.