Waya Usiochomolewa

Mume wa mdogo wangu anapiga gitaa la besi katika bendi ya muziki mzito, ule muziki ambao majirani wakiusikia hufunga madirisha. Mimi naishi nao tangu mdogo wangu ashike mimba, namsaidia kazi. Haya ninayosema sikuhadithiwa na mtu, na kama ningehadithiwa, nisingeamini.

Jumamosi ile shemeji aliamka hana raha. Kiongozi wa bendi alikuwa amemwambia kwamba magitaa mengine yanamfunika, na kama besi haitasikika kwenye onyesho lijalo, watatafuta mtu mwingine. "Napiga, dada, lakini ni kama sipo," aliniambia huku akikoroga chai ambayo hakuinywa. Mdogo wangu akanituma nimsindikize dukani, asije akarudi na duka zima.

Lilikuwa duka la vyombo vya muziki vilivyokwisha tumika. Shemeji alitaka pedali ya kukwaruza sauti, yaani kile kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu na gitaa linaanza kunguruma. Alijaribu ya kwanza. Ilikwaruza barabara, lakini uzito wote wa besi ulitoweka, ikabaki sauti ya nyuki ndani ya kopo. Akanieleza kuwa huo ndio ugonjwa wa pedali nyingi, zinakupa ukali zinakunyang'anya kina. Ya pili ilibakiza kina, ila ilikuwa na adabu mno, ungeweza kumpigia nayo bibi harusi. Nikamshauri achukue hiyo twende zetu. Mimi nilikuwa na njaa.

Ya tatu aliiona mwenyewe chini ya meza, nyeusi, haina hata herufi moja. Alipoikanyaga na kugusa uzi mmoja tu, niliusikia mngurumo kwenye magego. Ukali ulikuwepo, na kina kilikuwepo kuliko cha gitaa lenyewe. Shemeji alilengwalengwa na machozi.

Muuzaji hakufurahi. Alisogea karibu yetu, akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna kisanduku kinachotengeneza kina, kijana wangu. Hiki kinakitoa mahali. Kinachukua kilicho karibu. Ukimaliza kupiga, chomoa waya. Usikizime kwa mguu tu ukaondoka."

Shemeji akacheka. Njiani alinifafanulia kwamba hilo kila mpiga besi analijua, kwamba pedali huwashwa na waya unaoingia tunduni, na ukiusahau humo betri itakwisha hata kama taa imezimika. Alidhani ameonywa kuhusu betri. Na mimi, ambaye sijui pedali wala kanyagio, nilidhani hivyohivyo.

Bendi walimpokea kama mtu aliyefufuka. Akawa anafanya mazoezi sebuleni kila siku, anatabasamu peke yake. Mdogo wangu alifurahi kumwona hivyo. Jioni alikuwa akimlalia kifuani, sikio juu ya moyo, akisema mapigo yale ndiyo dawa yake ya usingizi. Nikawa nawatania kwamba wengine tunameza vidonge, yeye ameolewa na kidonge.

Kitu cha kwanza kunyamaza kilikuwa friji. Ilikuwa inagandisha vizuri, ila ule mngurumo wake haukuwepo tena. Nilidhani imepona.

Kisha ikawa zamu ya mzee, baba yake shemeji, anayeishi chumba cha uani. Mzee yule alikuwa na sauti nzito, akiita paka wanakuja watu. Asubuhi moja alinisalimu kwa sauti nyembamba kama ya kitoto. Akasema amekaukiwa koo. Nikampa maji ya moto na chumvi, hayakusaidia kitu. Siku hiyohiyo lori lilipita barabarani. Vioo vyetu vilitetemeka. Lori lenyewe sikulisikia.

Nilimwambia shemeji. Akasema ni uchovu wangu. Lakini niliona anaanza kuchomoa waya kwa uangalifu, na kuujaribu tena kama umetoka kweli. Asiyesikia la mkuu, jamani, huvunjika guu, na guu lenyewe lilikuwa bado njiani.

Siku ilipofika, alikuwa anapiga sebuleni mchana. Kiongozi akampigia simu kumwambia wamepata onyesho kubwa. Shemeji akazima pedali kwa mguu, akatoka nje kuongea, na kutoka hapo akaenda kwa wenzake kushangilia. Mdogo wangu aliingia sebuleni, akajilaza kwenye kochi. Pedali ilikuwa sakafuni, usawa wa tumbo lake. Akalala usingizi mzito mpaka jua likapoa.

Alipoamka alisema mtoto hachezi.

Tulikwenda zahanati pamoja na mzee, na shemeji akatukuta hukohuko. Nesi alikisogeza tumboni kifaa chake cha kupaza mapigo ya mtoto, juu, chini, pembeni. Akabadilisha kifaa. Halafu akasema tumsubiri daktari, na hakumtazama mdogo wangu usoni.

Shemeji akamuuliza mkewe alilala wapi. Kwenye kochi, akajibu.

"Waya," shemeji akanong'ona. "Sikuchomoa waya."

Tulikimbia nyumbani, mimi na yeye. Mzee alibaki na mdogo wangu, ameshika simu, na mimi nimeshika yangu sikioni. Pedali ilikuwa palepale. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, ingawa aliizima kwa mguu. Shemeji akachomoa waya. Taa ikazimika. Nikauliza kwenye simu kama kuna kitu.

Hakuna, akasema mzee kwa ile sauti yake nyembamba.

Shemeji alipiga magoti. Alilia mbele yangu bila kujificha. Kisha akazigeuza nyaya. Ule wa kuingilia akautia pa kutokea, wa kutokea akautia pa kuingilia. Mpiga besi akikosea hivyo, spika hukaa kimya. Yeye alifanya kusudi, ili kilichochukuliwa kirudi kilikotoka. Akalikumbatia gitaa, mbao ikambana kifua, akapiga.

Kimya.

Akapiga tena. Vidole vikachanika. Spika haikutoa kitu.

Jikoni, friji ikanguruma.

Shemeji hakuinua kichwa, alipiga. Mzee akakohoa kwenye simu, na kikohozi kilikuwa kizito, cha kwake. Akasema, "Nesi anasikiliza." Nikamwambia shemeji asiache. Hakuacha. Nyuzi zilikuwa na damu.

Ndipo nikayasikia mapigo kwenye simu. Madogo, ya haraka haraka. Na mdogo wangu analia kwa sauti.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa amekaa sakafuni, gitaa bado limembana kifua. Alikuwa anatabasamu, midomo imekauka. Taa ya pedali ilikuwa imewaka tena.

"Usiuguse waya, dada," akanong'ona.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shemeji anakula, anatembea, anamrusha mwanawe juu na kumdaka. Bendi aliiacha. Mara moja alipimwa zahanati kwa ajili ya homa. Daktari alikibadilisha kifaa cha kusikilizia moyo mara mbili, akasema vyote ni vibovu. Mdogo wangu siku hizi analala amempa mgongo. Hanielezi kwa nini, na mimi simuulizi.

Pedali iko sebuleni, palepale ilipokuwa. Betri niliitoa mwenyewe, kwa idhini ya shemeji, tukiwa tumeshikana mikono kwa hofu. Taa haikuzimika. Ukiweka kiganja juu ya chuma kile utahisi mdundo, polepole, wa mtu mzima aliyetulia. Tumekizungushia matofali na kukifunika kwa beseni, na waya tumeuacha tunduni. Kila asubuhi kabla ya chai, mimi huenda kuutazama kama umekaa sawasawa.

Leo asubuhi nilikuta beseni limesogezwa. Mtoto ameanza kutambaa.