Mumbua na Maziwa ya Homa

Muindi alikuwa analia tangu asubuhi. Ni mtoto mchanga, hata kukaa bado hajui. Alilia kwa njaa, na mama yake Mumbua alikuwa hapo hapo, matiti yamejaa mpaka yanauma.

Mumbua alikuwa na mafua makali. Mwili ulikuwa moto, kikohozi hakimwachi. Mama mkwe wake, Kalunde, alikuwa amesema wazi: "Maziwa ya mama mwenye homa ni mabaya. Unataka kumnyonyesha mtoto ugonjwa?"

Basi Muindi alipewa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Akayatapika. Akapewa tena, akatapika tena. Jamani, hakuna mtu mbaya katika nyumba hiyo! Wote wawili walimpenda. Hawakujua tu.

Ndila, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kilio akipita kwenda sokoni Kalamba.

"Hodi! Huyu mtoto ana nini?"

Kalunde akamweleza. Ndila akaketi.

"Mwaitu, mama yangu," alimwambia kwa heshima, "ukitaka kuchimba matuta shambani unafanya nini?"

"Si naita mwethya? Majirani wanakuja, tunachimba pamoja."

"Basi mwili pia una mwethya wake, ndani ya damu. Mafua haya yanaletwa na virusi, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikiingia puani, mwili unaita watu wake. Wa kwanza wanafika haraka na kupigana. Ndiyo maana Mumbua ana joto na mwili unamuuma. Ni kazi inaendelea. Kisha wanakuja mafundi, wanaovijua virusi hivyo hasa. Wanatengeneza kingamwili. Kingamwili inavishika virusi, visiendelee kuingia mwilini."

"Sawa. Na maziwa?"

"Kingamwili inapita kwa maziwa, inamfikia mtoto. Yeye mwethya wake bado ni mchanga. Anasaidiwa na wa mama."

Mumbua akashika kichwa. "Uui! Na mimi nimekuwa nikiyakamulia nyuma ya nyumba, kwa mchanga!" Machozi yakamtoka.

"Pole, dada. Hukujua."

"Lakini mafua si yatampata?" Kalunde akauliza, bado ana wasiwasi.

"Hayapiti kwa maziwa. Yanapita kwa kukohoa, kupiga chafya na mikono. Mumbua, nawa kwa sabuni. Funga leso safi puani na mdomoni, kisha nyonyesha. Akishiba, nyanya ambebe. Lakini akipata joto, akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani, ama akikataa kunyonya, msingoje. Kimbieni hospitali."

Mumbua akanawa. Akafunga leso. Muindi alishika titi kwa nguvu, akanyamaza. Kalunde akageuka kando, akajipangusa macho.

Homa ya Mumbua ilipoa baada ya siku chache. Muindi alitokwa na kamasi kidogo tu, akaendelea kunyonya vizuri.

Kisha Kalunde mwenyewe akaanza kupiga chafya. Mumbua alipomletea mtoto ambebe, Kalunde alirudi nyuma.

"Hapana! Kaa naye huko mpaka nipone."

"Na haya maziwa ya mbuzi, mwaitu, tuyafanyie nini?"

"Nipikie chai," Kalunde akasema, akijifunga leso mdomoni. "Mwethya wangu umeanza kazi. Umewahi kuona mwethya bila chai?"