Makofi Kwenye Bwawa la Mwisho

Shati la kwanza lilirudishwa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu si mtu wa kurudisha vitu. Mwavuli wa jirani yake anao mpaka leo. Alisimama mlangoni kwa dobi, shati amelishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Mama Pasi," akasema, "hili limefuliwa au limezamishwa?"

Mama Pasi akalinusa. Kwa kunusa hana mpinzani yule. Angeweza kukwambia shuka limelaliwa na wangapi, na mtaani kuna waliomwogopa kwa hilo tu. Shati lilikuwa jeupe, kola imekaa kama ya bwana harusi, lakini ndani ya uzi kulikuwa na harufu ya tope. Si tope la njiani. Lilikuwa tope la chini kabisa ya maji yaliyosimama, lenye majani yaliyooza na kitu kama manyoya yaliyolowana.

Akalifua tena, bure. Likafuata shuka la nesi, kisha vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi. Halafu asubuhi moja alifungua kabati ambalo ufunguo wake huuvaa shingoni, akanyanyua rundo la mashuka aliyoyapiga pasi jana yake, na katikati ya rundo, pale ambapo hata mkono haupiti bila kuvuruga mikunjo, akakuta alama ya mguu. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Bado mbichi.

Sasa tumseme mume, maana bila mume hakuna hadithi.

Mume alikuwa fundi miwani. Kutwa anakata vioo vya watu wasioona, na akitoka kazini yeye mwenyewe haoni kitu ila ndege. Alinunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, na kila siku ya mapumziko alishinda kwenye mabwawa ya majitaka nje ya mji. Ndiyo, majitaka, msicheke. Yale tunayoyasukuma kwa maji na kuyasahau huenda kutulia kule, na ndege wanapapenda kupita kiasi.

Ndege aliyetulia, alisema fundi, hata mtoto anaweza kumpiga picha. Yeye alimtaka aliye hewani: mbawa zote mbili zimekunjuka, jicho linang'aa, matone yanadondoka miguuni. Alichopata ni mikia. Mikia na mawingu, na mara moja bawa la kitu ambacho huenda kilikuwa mfuko wa plastiki. Akizituma kwenye kundi lao la simu, wapigapicha wenziwe wanajibu, "Fundi, leo umetuletea mkia wa nani?" Ilimkata maini. Mwanamume akichekwa na wanaume wenzake kwa jambo la kujifurahisha tu, huumia kuliko akifukuzwa kazi.

Shida ni kwamba ndege huruka wakati wewe unajikuna. Kwa hiyo wapenzi wa kazi hii wana ujanja wao: mmoja anachuchumaa na kamera tayari, mwenzake anazunguka upande wa pili anapiga makofi, ndege anashtuka, anaruka, kamera inalia tra-tra-tra. Na kwenye bwawa la mwisho kulikuwa na korongo mmoja wa kijivu, mkubwa, aliyesimama juu ya gurudumu la chuma la kufungulia maji. Jua, mvua, yupo. Hakuna aliyewahi kumwona akiruka. Fundi alimwota.

Basi jioni moja, kabla shati la kwanza halijarudishwa, akamwambia mkewe, "Mama, mimi na wewe tumekuwa kama wapangaji wa nyumba moja. Kesho alfajiri tukatembee. Wawili tu."

Mama Pasi alikuwa na miaka hajasikia maneno hayo. Alivaa gauni la zambarau, lile la sherehe, akajipaka mafuta ya kunukia. Walipofika akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, wenzangu wanapelekwa hotelini, mimi umenileta chooni?"

"Chooni penye mandhari," fundi akasema, naye akacheka. "Nisaidie kidogo tu. Zunguka kule. Ukilikaribia lile gurudumu, piga makofi."

Akaenda, gauni amelipandisha lisiguse umande. Akapiga makofi. Korongo hakuruka. Aligeuza kichwa polepole, akamwangalia kwa jicho moja la njano, akamwangalia kama mtu anayesoma jina mlangoni kabla ya kubisha. Mama Pasi alitaka kurudi. Lakini ng'ambo ya maji mumewe alikuwa akimpungia mkono, piga, piga, na yeye siku hiyo alikuwa na furaha, akapiga tena. Ndipo yule ndege akanyanyuka, mbawa zikakunjuka mpaka zikalifunika jua, akapita juu ya kichwa chake karibu kabisa, na katika kupita kwake kote hapakusikika hata mvumo mmoja wa bawa.

Picha ilitoka kama ndoto. Kundi la simu likalipuka: "Fundi, umetuua!" Fundi alitembea mtaani kifua mbele kama aliyelitaga yai mwenyewe.

Mvumo wa bawa ulisikika baadaye, nyumbani.

Ulikuja mchana, saa za jua kali ambazo hata mbwa hulala. Wifi yake Mama Pasi, dada wa fundi, anayekaa chumba cha uani, alisikia kitu kikipiga hewa ndani ya chumba cha pasi: fuu, fuu, kizito, kama mtu anakung'uta blanketi lililolowa. Akadhani ni kazi. Kisha akasikia harufu ya kuungua, akakimbilia huko, na alichokikuta mlangoni kikamfanya asahau kilichomleta, maana Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya meza ya pasi kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja ndani ya gauni, hayumbi hata kidogo, pasi imetulia juu ya suruali ya mtu na moshi unapanda usoni mwake, na macho yake yaliyo wazi katikati ya moshi ule hayapepesi wala hayatoi chozi.

"Wifi," akaita kwa sauti ya chini. "Wifi yangu, unaunguza."

Kichwa kikageuka. Mabega hayakugeuka. Upande mmoja wa uso ukamwelekea, jicho moja.

"Nyamaza," ikasema sauti kavu kama matete yanayosuguana. "Maji yatatibuka."

Wifi alitoka humo hana viatu, na viatu alikuwa ameingia navyo.

Mganga wao alikuwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni. Mchana pedeli na minyororo, akiitwa anatoa majini. Alifika na mkoba wake unaonuka grisi, akafukiza ubani kidogo, akamketisha Mama Pasi mkekani. Hakukaa. Alisimama, kwa mguu ule ule.

"Wewe ni nani?" mganga akauliza.

"Nasimama," ikajibu ile sauti. "Nilisimama pale kabla ya bomba, kabla ya bwawa, maji yalipokuwa masafi. Mkaniletea kinyesi, nikavumilia. Mkanipigia makofi kama kuku."

Wifi alitaka kucheka kwa woga, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Unataka nini uondoke?"

"Amenishika nikiwa hewani. Siwezi kutua. Nimesimama humu kwa sababu sina pengine pa kusimama. Aifute hiyo picha."

Wote wakamgeukia fundi. Alikuwa amejibana kwenye kona, kamera kifuani kama mtoto mchanga.

"Fundi," mganga akamnong'oneza, "kule bwawani hakuna aliyekuonya?"

"Mlinzi wa mabwawa alisema yule ndege si wa kuchezea. Nikajua porojo za walinzi. Haki ya Mungu, mzee, ningejua ningempeleka mke wangu?"

Akaifuta mbele yao. Kwenye kamera, kwenye simu, hata kule kwenye kundi, wakaona kwa macho yao. Mama Pasi akatetemeka, maji meusi yakamchuruzika toka chini ya gauni hadi mlangoni, na miguu yake yote miwili ikakanyaga sakafu. Fundi akamlilia miguuni, akaomba radhi. Naye akasamehe. Angefanyaje? Mtu aliyevaa gauni la sherehe kwenda kwenye mabwawa ya majitaka ni mtu anayetaka kuamini.

Siku chache mashuka yakanuka sabuni. Mwalimu mkuu akarudi na mashati yake. Kisha asubuhi moja Mama Pasi akiwa anapiga mswaki akaonja tope. Alisukutua, akaonja tope. Hakumwambia mtu. Alijifunga kanga, akaondoka kwa miguu mpaka kwenye mabwawa.

Gurudumu la chuma lilikuwa tupu.

Mlinzi alitoka kibandani, na kabla ya kumtazama usoni alimtazama miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye uliyepiga makofi." Hakuwa anauliza. "Pole sana."

"Mume wangu anasema ulimwambia ndege si wa kuchezea."

"Nilimwambia zaidi ya hapo. Nilimwambia, mwenye kamera hana neno, anayeingiliwa ni mpiga makofi. Akaniuliza, 'Una hakika? Mwenye kamera hana neno?' Nikamwambia nina hakika. Akanishukuru, akaenda zake. Kesho yake akaja na wewe." Mzee akakuna kidevu. "Nikajua mmekubaliana, mama. Ulikuwa umependeza. Ulikuwa unacheka."

Mama Pasi alikuwa anaangalia nyuma ya mzee, ndani ya kibanda, ukutani.

"Ile?" mlinzi akasema. "Juzi hiyo mumeo kaniletea. Asante yangu, anasema."

Ilikuwa picha kubwa, na kioo, na fremu ya mbao. Mbawa mbili zimekunjuka, jicho la njano, kila tone miguuni unaweza kulihesabu. Alisogea karibu. Pembeni kabisa, chini, palikuwa na vitu viwili vyeusi vinavyoelekeana, ungevidhania majani. Ilikuwa mikono yake. Uso mumewe ameukata. Gauni la zambarau amelikata. Amebakiza mikono tu, na hiyo nayo, kwa jinsi anavyomjua, alisahau.

Alisimama pale mpaka mlinzi akaogopa. Na akiwa amesimama, kile kilichokuwa ndani yake kilijisogeza, kwa mara ya kwanza kikasema naye mwenyewe, taratibu, kama mgeni aliyetambua amekalia kitanda kisicho chake.

"Nilidhani unajua," kikasema.

"Sikujua," akajibu Mama Pasi.

Alipofika nyumbani mganga alikuwa ameshaitwa, maana wifi alikuta manyoya kwenye foronya akapiga yowe. Fundi alimwona mkewe mlangoni, akaona kitu usoni mwake, akajua. Akapiga magoti. Akamwaga mezani kila alichokificha: kadi ya kamera aliyoificha ndani ya soksi, nakala dukani kwenye kompyuta ya kupimia macho, zote akazitaja.

"Nazifuta. Nazifuta kweli sasa, mama, mbele yako, mbele ya mzee. Ilikuwa picha moja tu maishani mwangu. Moja! Nisamehe."

"Usifute," Mama Pasi akasema.

Mganga akainua macho kutoka kwenye mkoba. "Mwanangu, asipofuta, hatoki."

"Ndiyo. Asitoke."

"Wifi!" dada wa fundi akalia. "Wifi, umerukwa na akili? Hilo jini!"

"Jini, ndiyo. Limeingia mchana kweupe, likaulizwa jina likasema, likaulizwa linataka nini likasema. Halikuniambia, 'Tukatembee.'" Akamgeukia mganga. "Mzee, katika hawa wawili niliolala nao chini ya paa hili, unataka kunitolea yupi?"

Mganga alifikiri. Kisha akafunga mkoba wake.

"Mgeni akikaribishwa na mwenye nyumba," akasema, "mimi ni nani?" Akaenda zake sokoni kuuza pedeli.

Mtauliza kwa nini fundi hakukimbia. Alikimbia. Alihamia chumba cha nyuma dukani kwake, akajifungia kwa kufuli. Asubuhi ya kwanza akakuta nyayo za tope zimetoka ukutani, si mlangoni, zimekuja mpaka kando ya mto wake, na pale zimesimama. Moja tu. Mguu mmoja. Akarudi nyumbani na godoro kichwani, watu wakiangalia.

Kamera aliiuza kwa mtu wa mbali. Picha ile hathubutu kuifuta, maana hakuruhusiwa. Mama Pasi amepata wateja wapya, na kazi yake haijawahi kuwa safi vile. Harufu yote, wanasema, sasa imehamia upande mmoja wa kitanda, upande wa mume.

Kila alfajiri fundi anafumbua macho na kumkuta mkewe amesimama miguuni pa kitanda. Hasemi. Hasogei. Amemgeuzia upande mmoja wa uso, na jicho lile moja linamtazama kooni, limetulia, kama linavyotulia juu ya maji ambayo ndani yake kitu kidogo kinafikiri hakijaonekana. Wifi aliyekuwa akipita uani aliwasikia mara moja kupitia dirishani.

"Mke wangu," fundi alikuwa akinong'ona, "utafanya lini hicho unachotaka kufanya?"

Ile sauti kavu na sauti ya Mama Pasi zikajibu pamoja, kwa upole kabisa:

"Lala, baba. Hatuna haraka."